Manukato ya Posa

Rafiki yangu aliponituma kwenda kumposea, nilivuka na kivuko hadi Kamanga nikiwa na pikipiki yangu, suti ya kuazima, barua ya posa, na chupa ya manukato ya kupuliza, zawadi kwa mama wa binti.

Pikipiki ilikuwa na ugonjwa wake. Hata ukiachia mafuta, injini iliendelea kunguruma kana kwamba tunapanda mlima. Nilipoingia uani kwa kina binti, kuku walihama. Nikazima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Iwashe tena."

Baba wa binti alikuwa fundi mitambo wa meli ziwani kabla ya kustaafu. Wazee wa ukoo walikuwa wameshakaa sebuleni na makoti yao. Akawaita wote nje.

"Inavuta hewa pasipostahili," aliwaambia. "Ni kati ya kabureta na injini. Tukipuliza kitu kinachowaka, penye ufa mlio utabadilika. Kijana, una nini?"

Nilikuwa na barua na manukato.

Tatizo la pili lilikuwa masikio yake. Meli ilikuwa imeyamaliza; mabadiliko madogo ya mlio hakuyasikia tena. Ikabidi amwite dada yake, shangazi wa binti, ambaye alikuwa ameitikia salamu yangu huku akitazama ukuta. Kila mtu alijua haitaki ndoa hii. Alichuchumaa na gauni lake la kanisani, akatega sikio. Mzee akapuliza manukato kidogo kidogo, akilikwepa bomba la moshi lililopata moto.

"Hapa?"

"Bado."

"Hapa je?"

"Umepuliza kiatu changu."

"Na hapa?"

Mlio ukapanda ghafla, kisha ukashuka.

"Hapo," alisema shangazi.

Ufa ulikuwa kwenye mpira mfupi unaounganisha kabureta na injini, mwembamba kama unywele. Mzee akazima, akaufuta, akauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli na kukaza kwa waya. Nilipowasha, injini ilinguruma taratibu, kwa adabu. Mzee mmoja wa ukoo akavua kofia.

Mama wa binti akatoka jikoni, akaitazama chupa iliyobaki nusu. "Hiyo ni ya nani?"

"Ni yako," mumewe alisema. "Inafanya kazi vizuri."

Barua ilisomwa palepale uani. Alipoulizwa kama anaipokea posa, mzee alimgeukia dada yake, kama alivyokwisha kuzoea siku ile. "Umesikia nini?"

"Nimesikia mtu anaomba mke, na amemtuma asiyejua kutunza mpira." Shangazi akapangusa kiatu chake kwa muda mrefu. "Mpokeeni."

Kisha akasema atanisindikiza hadi kivukoni, ahakikishe waya umeshika. Alikaa upande nyuma yangu, na njiani alinigusa bega mara mbili nisimame. Mara zote mbili aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Endelea."