Salfa ya Misimu Mitatu

Hapa Mitole hakuna mwingine aliyesoma kemia hadi stashahada, na sioni haya kulisema. Kidato cha nne nilifeli mara ya kwanza, kwa sababu shule yetu haikuwa na mwalimu wa sayansi hata mmoja. Nikaenda Dar es Salaam, nikalinda geti la watu kwa miaka minne huku nikijisomea kwenye kibanda cha mlinzi. Nikarudia mtihani, nikafaulu, nikaingia chuo cha ualimu. Hakuna aliyenishika mkono. Niliporudi kufundisha sekondari ya kata nilijenga nyumba ya vyumba vinne, na kwenye ukuta wa sebule nikachora kwa rangi ya mafuta jedwali la elementi zote, visanduku mia moja na kumi na nane. Ilinichukua likizo nzima. Mkaguzi aliyepita hapa alisema hajaona jedwali kama lile hata kwenye shule za mjini.

Mke niliyemwoa Dar alikuja mara moja, akakaa wiki tatu, akarudi kwao. Vyumba vitatu vikabaki na mikeka iliyokunjwa. Jioni nilikula nikiutazama ukuta, na baada ya muda nikawa najua kila kisanduku kilipo hata nikifumba macho. Darasani msichana mmoja aliniuliza kuhusu zile gesi za safu ya mwisho, heliamu, neoni na wenzao, ambazo tabaka lao la nje limejaa elektroni na kwa hiyo haziungani na yeyote. Alitaka kujua kama hazijisikii upweke. Darasa likacheka. Nilimjibu kwamba zimetosheka, nikageuka kuandika ubaoni.

Mgeni wangu alikuwa mmoja, mjomba wangu, kaka yake marehemu mama. Kila Ijumaa akitoka msikitini alipitia kwangu, akavua kofia, akakaa kuutazama ukuta kama mtu anayetazama mpira. Kusoma anasoma kidogo, lakini kuuliza anajua. Nilimweleza kwamba kila kitu kimejengwa kwa atomu, na katikati ya atomu kuna kiini chenye protoni na nyutroni, na nje ya kiini elektroni huzunguka kwa matabaka. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua kitu ni nini. Zikiwa ishirini na sita ni chuma, zikiwa sabini na tisa ni dhahabu, na huwezi kukibembeleza chuma kiwe dhahabu. Jedwali linafuata hesabu hiyo, moja, mbili, tatu, na walio kwenye safu moja ya kusimama ni ukoo mmoja, tabia zao zinafanana.

Siku moja aliniuliza chumvi iko wapi, maana ameitafuta haioni. Nikamwambia chumvi haimo, kwa sababu si elementi. Ni muungano wa sodiamu, ambayo ukiitia majini inalipuka, na klorini, ambayo ukiivuta inakuua.

"Wameoana hao?"

"Wameoana, mjomba. Mmoja katoa elektroni, mwingine kapokea."

"Na hakuna anayelipuka tena?"

"Hakuna."

"Basi walipata mshenga mzuri," akasema, kisha akanitazama kwa namna ambayo nilijua anafikiria wiki zile tatu za mke wangu. Hakulitaja. Alikuwa mstaarabu.

Mjomba ana mikorosho inayomlisha mwaka mzima. Kwetu mikorosho ikitoa maua huvamiwa na ubwiri unga, ugonjwa unaoyafunika maua kama majivu na kuyakausha, na dawa yake ni kupulizia salfa. Watu hupulizia kwa kushirikiana, leo shamba la huyu, kesho la yule, alfajiri umande ukiwa bado majanini ili vumbi linate. Mwenye shamba hupika uji na mihogo. Mimi sina mkorosho hata mmoja, lakini mjomba alikuwa akinigongea, nikaenda nao kubeba dumu la petroli. Sikuwahi kumwambia mtu jinsi nilivyoupenda ule uji.

Mwaka jana salfa mpya ilichelewa. Mjomba alikuwa na mifuko ya zamani ghalani kwake, imelala misimu mitatu, na bati la pale lilikuwa linavuja. Mama mwenye mashine ya kupulizia, ambaye ndiye kiongozi wa kundi, alipotia mkono ndani ya mfuko mmoja alitoa bonge la njano ukubwa wa kiazi. Akashauri tusubiri siku chache, kwani alisikia kijiji cha Njinjo imeshafika mifuko mipya. Mjomba akanigeukia.

"Mpwa wangu, wewe ndiye mwenye elimu. Hii imeharibika au haijaharibika?"

Watu kama kumi na wawili walikuwa wamesimama pale. Nikasema haijaharibika na haiwezi kuharibika.

"Mwalimu," yule mama akasema, "hata unga wa mahindi ukilala hivyo unaota ukungu."

"Unga ni mchanganyiko wa vitu vingi, mama. Salfa ni elementi. Atomu yake ina protoni kumi na sita leo, itakuwa nazo kesho, na itakuwa nazo siku ya kiama."

Walicheka, na kijana mmoja akasema siku ya kiama tutapuliziwa wote. Mjomba alishika lile bonge, akalibana, akalitazama kidogo. Kisha akasema tuanze. Tukatwanga mabonge kwenye kinu harakaharaka, maana jua lilikuwa linakuja, tukajaza mashine. Mashine ikakohoa. Badala ya moshi wa njano unaopanda hadi kileleni, zikatoka chembe zinazoanguka miguuni kama mchanga. Yule mama alizima mashine mara mbili kuizibua. Mara ya pili alimtazama mjomba, na mjomba akamwambia aendelee.

Wiki chache baadaye maua ya shamba lile yalikuwa kama yamemwagiwa majivu, halafu yakawa kahawia, halafu yakapukutika. Mashamba ya majirani waliosubiri mifuko ya Njinjo yalizaa.

Nimelifikiria jambo hili sana kuliko mtu yeyote hapa anavyoweza kulifikiria, na bado nasema atomu hazikuharibika. Kilichoharibika ni unga. Salfa huzuia ugonjwa kwa kuwa vumbi laini linaloligusa kila ua, na vumbi likishapata maji likashikana, huwa mawe tu, hata kama kila atomu ni nzima. Jibu langu lilikuwa sahihi kwa swali ambalo sikuulizwa. Hilo chuoni wangenipa maksi zote.

Mjomba hakunilaumu. Ijumaa ile hakupita, wala iliyofuata. Nilichemsha chai ya watu wawili kwa mwezi mzima kabla sijapunguza maji. Tukikutana njiani nilimwamkia, akaitikia marahaba vizuri, akauliza habari za shule, akaendelea na safari yake.

Ilinichukua hadi mvua za masika kwenda kwake. Nilimkuta anatengeneza mpini wa jembe. Nilikuwa nimepanga maelezo marefu ya chembe na vumbi, lakini nilipokaa nikasema tu, "Mjomba, nilikosea."

Akaendelea kukwangua mpini.

"Nilijua," akasema. "Nilipolibana lile bonge nilijua."

Nikamuuliza kwa nini basi alisema tuanze.

"Watu wote walikuwa wananitazama. Ningesema mbovu, ningekuwa nimesema wewe mwongo. Mtoto wa dada yangu, aliyesoma peke yake." Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Nikasema labda Mungu atasaidia."

Nilikaa hadi alipomaliza mpini, nikaaga.

Msimu huu salfa mpya ilifika mapema. Nilikwenda shambani kwa mjomba bila kugongewa, na hakuna aliyenifukuza. Watu walinisalimu kwa heshima, kijana mmoja akanipisha nikae juu ya mzizi. Mjomba akafungua mfuko wa kwanza, akachota kwa vidole, akampelekea yule mama mwenye mashine aupime ulaini wake. Wakauliza, wakajibizana: mashine ijazwe kiasi gani, mifuko mingapi itatosha, umande utakaa hadi saa ngapi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, na yote hayo nayajua. Nikaushika mdomo wa mfuko uliobaki usimwagike, nikasubiri waje kuuchukua.