Magurudumu ya Ndala

Leo sokoni Korogwe nilinusa ndala mpya, akili ikakimbilia Mazinde kwa bibi.

Utotoni, nilikuwa natengeneza gari la mbio, mfano wa lile la kwenye kalenda yake. Bodi nilishachonga kwa mti mwepesi wa mkonge. Yalibaki magurudumu. Vifuniko vya soda vilijaa tele, lakini vinateleza. Raba ya ndala inashika barabara. Nikapima mara mbili: ndala moja inatoa magurudumu manne kamili. Nikakata ya kushoto, nikijipongeza kwamba nimembakishia bibi nusu ya mali yake.

Adhuhuri akatoka kutia udhu, mguu mmoja peku. Nikajua nachapwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwizi wangu. Linakimbia?"

Nikalisukuma. Likakata kona ya jiko bila kupinduka. Bibi akavua ndala ya kulia, akanirushia. Nikakwepa.

"Unakwepa nini? Kata na hiyo. Gari gani halina spea?"

Akaenda kuswali peku, akicheka.

"Namba ngapi?" muuzaji wa ndala pale sokoni aliniuliza. Nikamtajia ya bibi, kisha nikaanza kubishana bei.