Nilivyofaulu mtihani wa mlenda pale Ziba, nikaacha kuwa mtoto wa kumegewa

Wakuu, nawasalimu nyote, wakubwa shikamooni, ingawa nadhani humu ndani wanaonizidi umri ni wa kuhesabu. Mimi ni bibi wa Tabora. Hii simu kanifundisha mjukuu wangu. Ninachowaletea kilinitokea mwenyewe, sijatia chumvi.

Wiki hii nyumbani kuna ubishi. Mkwe wangu anasema mtoto wake bado ni "toddler", yaani mtoto mdogo, mpaka afike umri fulani, kasoma mtandaoni. Basi analishwa kwa kijiko huku anafukuzwa sebule nzima. Nikamwambia mwanangu, enzi zetu umri haukuulizwa. Akacheka. Nikaona bora nije kuwaelezea ninyi wenye subira.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, Uhuru bado.

Baba alikuwa fundi cherehani Tabora mjini, anashonea barazani kwenye duka la mfanyabiashara mmoja. Mama alikuwa naye huko huko. Aliposhika mimba nyingine, mimi nikaachishwa ziwa na kupelekwa Ziba kwa bibi mzaa baba. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Dada yangu Kabula alikuwa ametangulia.

Siwezi kuwadanganya, nilimkumbuka mama mpaka nikaumwa. Nilikuwa nanusa kanga yake kuukuu aliyoniachia mpaka ikaisha harufu.

Siku moja baba akaja. Mama kajifungua salama, anahitaji mtu wa kumshikia mtoto. Amekuja kumchukua Kabula.

"Na mimi?" nikauliza.

Bibi akajibu kabla ya baba. "Wewe bado unamegewa. Ukienda mjini mama yako atakuwa na watoto wachanga wawili."

Hapo niwafafanulie. Kwa bibi, watoto walikula kwa mafungu mawili. Wakubwa walikaa chini uani, wamezunguka ugali wa mtama na bakuli moja la mlenda. Wadogo tulikula jikoni miguuni pa bibi, anatumegea tonge, anachovya, anatutia mdomoni. Ukikaa na wakubwa ukala bila kuchafuka, basi. Hakuna tena anayekuita mtoto mdogo, na hakuna tena anayekubeba mgongoni.

Kama hujawahi kula mlenda wa Unyamwezi, pole. Unavutika. Ukinyanyua mkono vibaya, uzi wake unatoka kwenye bakuli unapita kidevuni, kifuani, unaishia kwenye kiwiko. Kuukata ni ufundi.

Nililia. Nilijigaragaza uani mpaka kuku wakahama. Baba akaona huruma, akasema, "Mama, si tumjaribu? Akila na wenzake mchana huu bila kuchafuka, nakwenda naye."

Bibi akakubali haraka mno. Baadaye nilielewa kwa nini.

Shangazi Holo, dada yake baba, ndiye alikuwa anapika. Shangazi alinipenda, hakutaka niondoke. Nikamwona anaongeza magadi kwenye chungu, tena anaongeza, anakoroga huku haniangalii. Magadi yakizidi, mlenda unateleza zaidi. Bibi akamwona, akanyamaza. Wakuu, walikuwa wamekula njama, watu wazima wawili, dhidi ya mtoto niliyekuwa sijaota hata meno yote!

Chakula kikatengwa. Nikakaa katikati ya Kabula na binamu yetu Masanja, ambaye alishaanza kunicheka kabla sijanawa. Baba akasimama nyuma yetu amefunga mikono kifuani, kavaa shati jeupe alilojishonea mwenyewe. Bibi akamwambia, "Usitusimamie kama askari wa bwana shauri. Kaa chini ule." Bwana shauri ndiye Mzungu aliyetawala wilaya enzi zile. Baba akakaa.

Nikamega ugali. Ulikuwa wa moto, vidole vinaungua, nikakaza moyo. Nikaviringisha, nikabonyeza kishimo kwa dole gumba kama nilivyomwona bibi akifanya kila siku. Halafu nikaganda. Nikawa nalitazama lile bakuli tu, mkono hauendi.

Baba akakosa subira. "Mwanangu, hivi, tazama."

Akachovya tonge kubwa, akanyanyua mkono moja kwa moja juu, haraka, kama anayekula pilau kwa watu. Alishazoea vyakula vya mjini, alikuwa amesahau.

Ule uzi ulimfuata. Ulitoka bakulini, ukapanda mpaka kidevuni, akajaribu kuukata kwa mkono wa pili, ukagawanyika mara mbili, wote ukashukia kwenye shati jeupe.

Shangazi Holo akaangua kicheko mpaka akashika nguzo ya jiko. Masanja akalala chali. Bibi alijikaza, akashindwa, machozi yakamtoka. Baba kakaa na tonge lake mkononi, hajui alile au alirudishe.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona alipokosea.

Nikachovya kidogo. Sikunyanyua. Nikazungusha kiganja, nikafuta tonge kwenye ukingo wa bakuli, nikasogeza mdomo karibu, nikaingiza. Safi! Nikamega tena. Safi. Nikaendelea kula mpaka wakaacha kucheka wakaanza kunitazama. Nguo yangu haikuwa na hata tone, pamoja na magadi yote yale ya shangazi.

Bibi akapiga makofi. "Wabeja, mjukuu wangu! Wabeja!" Ndiyo asante ya kwetu, na siku ile ilikuwa pongezi. Akamgeukia baba: "Huyu mchukue. Wewe ubaki hapa nikumegee."

Jamani, furaha ile! Nilizunguka nyumba mbio nikipiga kelele kwamba nakwenda kwa mama. Shangazi akanikumbatia akilia na kucheka pamoja, akanifungia karanga za njiani.

Asubuhi mimi, Kabula na baba tukatembea kwenda kulikokuwa na lori, bibi akitusindikiza. Baba akainama anibebe. Bibi, ambaye baba yake alikuwa mpagazi wa misafara ya zamani, mizigo ya watu begani mpaka pwani, akamkemea: "Mwache! Kwetu sisi tunakwenda kwa miguu yetu." Nikatembea. Miguu iliniuma vibaya sana, na sikumwambia mtu.

Tulipofika mjini mama alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Aliponiona akapanua mikono aninyanyue. Mungu anajua nilivyoitaka ile mikono. Lakini nikasimama, nikasema, "Shikamoo mama. Nipe mtoto nimshike, upumzike."

Mama akakaa pale pale kizingitini, akalia. Akanipakatisha mtoto, kisha akatupakata wote wawili.

Nilichojifunza, wakuu: mtoto haachi utoto kwa kutimiza umri. Anauacha siku mnapomwachia mkono wake ufanye kazi, na siku hiyo anajiona mfalme. Mwacheni achafuke.

Je, kwenu kipimo kilikuwa nini? Mlijuaje kwamba mmekuwa wakubwa? Andikeni hapo chini, nitasoma yote, na nitamsomea mkwe wangu kwa sauti.