Nywele za Ombeni Ukutani

Nta ya nyuki ikipashwa moto pamoja na mafuta ya nazi hutoa harufu tamu, nzito, inayong'ang'ania nguo hata zikishafuliwa. Wengi wanaipenda. Mimi juzi nilikuwa saluni moja hapa Mbeya, pale Mwanjelwa, nasubiri kuoshwa nywele, binti mmoja akabandika kikopo cha nta jikoni ili amkaze mteja wake dredi. Sikumbuki nilivyosimama. Nilijikuta mlangoni na mkoba mkononi, binti akiniuliza, "Dada, mbona unaondoka na zamu yako imefika?" Nikamdanganya kwamba nimesahau kitu nyumbani. Nyinyi sina sababu ya kuwadanganya.

Nilikulia Ipogolo, chini ya mlima, pale barabara kuu inapopita kabla hujapandisha Iringa mjini. Tuliishi watatu. Baba alifanya kazi Tunduma na alikuja mara chache, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama yangu, mimi, na mdogo wake mama aitwaye Debora. Nilimwita mama mdogo, ingawa alikuwa bado msichana wa kucheka ovyo na kuimba akifua. Mikono yake haikujua kukaa bure. Kalenda za zamani alizikata vipande vyembamba, akaviviringisha kwa gundi vikawa shanga, shanga zikawa pazia la mlango wa sebuleni. Mirija ya soda ilikuwa maua. Chupa tupu alizizungushia kamba ya katani mpaka usijue zamani zilikuwa na nini. Mama alisema kwamba akizubaa kwenye kochi ataamka amefumwa kitambaa cha meza.

Kazi iliyomleta mama mdogo mjini ilikuwa dredi. Alisukia kibarazani, mteja amekaa kwenye kigoda, taulo begani. Aligawa nywele kwa mkia wa chanuo, akazisokota, kisha akachukua sindano ya kroshia na kuvuta unywele mmoja mmoja kuuingiza ndani, hadi dredi ikaze na kulala vizuri. Mimi nilishika vibanio na kutazama kikopo cha nta kisiungue jikoni. Alipomaliza alifagia kibaraza chote, akakusanya hata unywele uliobaki kwenye chanuo, akaufunga kwenye karatasi na kumkabidhi mwenyewe mkononi. Hakuna msusi wa kwetu aliyeacha kufanya hivyo. Nywele zako unakwenda kuzichoma mwenyewe au kuzitumbukiza chooni kwako, na mtu akizisahau, anakimbiliwa mpaka barabarani.

Halafu akaja Ombeni. Alikuwa utingo wa lori la nyanya, kwao Ilula, mpole, mwenye dredi ndefu za kufika kiunoni ambazo jua la barabarani lilikuwa limezigeuza rangi ya kahawia kwenye ncha. Mama mdogo ndiye aliyezianzisha na kuzitunza miaka yote. Siku hiyo alikuja kuzikata. Amepata mchumba Kilolo, na baba wa binti, mzee wa kanisa, amesema hatoi mtoto kwa mtu wa dredi. Zilipokatwa, Ombeni alizipakata kama mtoto mchanga. Akasema hawezi kuzichoma. Akamwomba mama mdogo azitengenezee pambo, alitundike sebuleni kwake akishaoa, ili akizeeka awaonyeshe wajukuu.

"Pambo la nywele?" mama mdogo aliuliza, akicheka.

"Si wewe unatengeneza hata mirija, dada? Nitengenezee na mimi."

Mama alimvuta mdogo wake jikoni na kumnong'oneza akatae. Nilisikia. Lakini mama mdogo alikuwa na ugonjwa wa kuona kitu kizuri kabla hakijawepo. Alisuka duara la milulu, yale majani ambayo mabibi wa kwetu hutengenezea vikapu, akazining'iniza dredi zote kulizunguka. Kila moja aliifunga kwa uzi mwekundu wa sufu, fundo dogo la kubana, na penye fundo akashona simbi, zile kombe ndogo nyeupe. Lilikuwa zuri kweli, sitasema uongo. Alilitundika sebuleni kwetu huku tukimsubiri Ombeni amalize kupiga lipu nyumba yake.

Wateja walioingia kunywa maji walilisifu. Mmoja aliuliza ni nywele za nani, na mama mdogo akamwambia bila kuficha. Yule mama hakumaliza maji yake. Alikuwa mwenyeji wa Ilula.

Hazikupita wiki nyingi tukasikia Ombeni anaumwa. Ilianza homa, miguu ikavimba, hospitali wakampa dawa na dawa nyingine, akarudi nyumbani hawezi kusimama. Harusi ikasogezwa. Mama alilitazama lile pambo na kusema, "Debora, litoe hapo." Mama mdogo akajibu kwamba si lake, na mwenyewe akipona atalikuta mahali pake. Ilikuwa heshima yake kwa mgonjwa. Na ndiyo maana ndugu za Ombeni walipokuja walilikuta.

Walikuja Jumamosi mchana kwa pikapu ya kubebea matenga. Wanaume walishuka taratibu, bila kelele, wakatuamkia vizuri. Mama Ombeni alikuwa mbele, mwanamke mnene wa kitenge, uso umekauka. Mjomba wake Ombeni, mrefu wa koti, ndiye aliyelifunua pazia la shanga. Wote wakaingia, wakasogea mpaka kwenye ule ukuta.

"Si ndo hizi zenyewe," alisema mama Ombeni.

Mjomba akashika dredi moja, akaigeuza akaona uzi mwekundu. Akashika nyingine. "Zote zina fundo," alisema. "Kwa hiyo ulimfunga."

"Ni pambo, baba," alisema mama mdogo. "Aliniomba mwenyewe. Alitaka aliweke sebuleni kwake akioa."

"Mtu anaweka nywele zake sebuleni?"

Ajabu ni kwamba mimi, ambaye niliona pambo lile likitengenezwa tangu mwanzo, niliposikia swali lile nilijiuliza hivyo hivyo. Mama mdogo akawaomba wampigie Ombeni simu waulize. Mama yake akasema Ombeni hawezi hata kumeza uji, simu ataishikia nini. Wakalishusha pambo, wakaketi nalo chini na kuanza kufungua mafundo, moja moja, wakinuiza maneno ya Kihehe ambayo mama alikataa kunifasiria. Simbi zilianguka sakafuni na hakuna aliyeziokota. Walipomaliza mjomba alizunguka nyumba yetu. Alitazama mlango, akatazama madirisha, akagusa fremu ya mbao, kama fundi aliyeitwa kufanya makadirio. Kisha akaaga kwa adabu.

"Tunaenda nazo," alisema. "Ombeni akifa, tutarudi."

Hakuna aliyehitaji kunieleza maana yake. Mama alikuwa na tabia ya kuizima redio zikianza habari za bibi fulani wa kijiji fulani aliyechomewa ndani, nami nilikuwa mtoto wa kumalizia kusikiliza dirishani kwa jirani. Tangu siku ile uhai wa mama mdogo ulikuwa Ilula, kitandani kwa Ombeni. Mama alimsihi aondoke. Akakataa, akisema akikimbia atakuwa amekubali. Begi lake likakaa nyuma ya mlango hata hivyo. Wateja walikuja wachache, wakaomba ufagio wafagie wenyewe. Kila lori lililopunguza mwendo pale nje lilitufanya tuache tulichokuwa tukifanya.

Tuliomba. Kila jioni tulipiga magoti sebuleni na jina la Ombeni likatangulia kabla ya la baba. Mimi niliongeza maombi yangu ya siri shuleni, chooni, njiani kwenda kisimani. Nilimwambia Mungu aniletee mimi ile homa kama ni lazima mtu aumwe. Nilimpenda mama mdogo kuliko watu wote, na nasema hivyo mama yangu akiwa hai na akijua.

Na Ombeni akapona. Habari aliileta kijana wa bodaboda aliyetoka Ruaha Mbuyuni na gunia la vitunguu. Alimwona Ilula, amekaa nje, anakula ugali. Nilirukaruka mpaka nikamwaga maji ya kufulia. Mama aliinua mikono juu. Mama mdogo aliweka chini sindano yake ya kroshia na kukaa palepale kwenye kigoda cha wateja.

"Amepona," alisema polepole. "Baada ya wao kufungua."

Nilimkasirikia. Niliona ni mtu asiye na shukrani, ameletewa zawadi kubwa namna ile anakunja uso.

Jumapili iliyofuata pikapu ilirudi, nasi hatukuogopa, au tuseme mimi sikuogopa. Mama Ombeni alishuka amejitwisha beseni la nyanya, nyekundu, zilizochaguliwa. Majirani walikuwa wamejaa uani. Akalitua beseni miguuni pa mama mdogo, akapiga magoti, yule mtu mzima, mbele ya msichana.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimu Kihehe. "Nimekuja kukushukuru. Umeniachia mtoto wangu. Mungu akubariki."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nilipiga. Nyuma yake alisimama Ombeni, amekonda, nywele fupi zimeanza kuota, na kando yake mzee mmoja wa suti ambaye baadaye nilijua ndiye baba wa mchumba.

Mama mdogo hakumtazama aliyepiga magoti. "Ombeni," alisema, "waambie."

Ombeni alimtazama yule mzee, kisha akatazama viatu vyake.

"Yamepita, dada," alisema. "Mimi sina kinyongo na wewe."

Mama aliinama akalichukua beseni, kwa kuwa lingebaki pale lingekuwa ugomvi mwingine, na watu wakatawanyika wakiongea kwa furaha. Jioni ile nilikula nyanya zile kwa wali, zilikuwa tamu, na nikamuuliza mama mdogo kwa nini yeye hali.

Hakuna kichwa kingine kilichosukwa kwenye kigoda chetu. Watu walimsalimia kwa adabu kubwa, wakawavuta watoto wao upande wa pili wa njia. Kabla ya mwezi kuisha alichukua lile begi na kwenda Njombe kwa ndugu, ambako hadi leo analima viazi na anajulikana kwa viazi tu. Mimi nilikuwa mtu mzima na mtoto wangu mgongoni nilipoelewa nilichokiona siku ile ya vigelegele. Ombeni angekufa, wangesema mama mdogo amemuua. Alipopona, wakasema amemwachia, wakamsamehe hadharani, na mama mdogo alikosa mahali pa kusimama aseme kwamba hakumfanyia mtu chochote, maana sisi wote, pamoja na mimi niliyempenda, tulikuwa tumeshapiga vigelegele.