Kwale wa Ghorofani

Nakuru nilikuwa fundi seremala, na Jumamosi baada ya kazi nilikuwa mwindaji wa kwale. Mwaka ule wa 1968 Wahindi wengi wa Kenya tulipokimbilia ndege za London kabla Uingereza haijafunga mlango, bunduki niliiuza, na mbwa wangu nikamwachia jirani aliyefanya kazi ya reli. Sikudhani ningewahi tena kushughulika na mbwa wala ndege.

Mimi na mke wangu tulipata vyumba viwili vya chini katika nyumba moja Southall, London. Ghorofani alipanga mjane wa Kigujarati kutoka Mombasa. Sisi tulisema Kipunjabi, yeye Kigujarati, kwa hiyo lugha ya jikoni na ngazini ikawa Kiswahili. Chake kilikuwa cha pwani, safi. Changu cha bara, cha karakana, na alikicheka waziwazi. Mimi nilimwita Mama. Yeye, kama watu wa kwetu walivyozoea kumwita kila Kalasinga, aliniita Fundi. Jiko lilikuwa moja. Mama hakula nyama, samaki wala mayai, na tulikuwa tumepatana tangu mwanzo kwamba siku ya nyama tungepika baada yake, dirisha likiwa wazi, hata kama nje kuna theluji.

Kiwandani, tulikotengeneza madirisha, fomani wangu, msimamizi wa kazi, alikuwa Mwingereza mpole asiyesema sana. Siku moja wakati wa chai nilimsikia akilalamika kwamba mbwa wake mchanga wa kuwinda anamrukia kila ndege anayemwona badala ya kusimama na kumwonyesha.

"Hajaona ndege wa kutosha," nilisema.

"Wewe umejuaje?"

"Nimefundisha mbwa watatu, huko kwetu."

Tangu nifike Uingereza hakuna aliyekuwa ameniuliza najua nini zaidi ya mbao. Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Alitaka kwale wake mwenyewe, wa kumfundishia mbwa mara kwa mara, lakini aliishi kwenye fleti ambako hata huyo mbwa alivumiliwa kwa shida. Mimi nilikuwa na ua mdogo nyuma ya nyumba, na vipande vya mbao havikunishinda kupata. Wiki ya pili akaniletea vifaranga ishirini na watano ndani ya katoni, kila mmoja kama kipande cha sufi chenye miguu.

Niliwatengenezea sanduku kwenye kibanda cha uani, nikaning'iniza balbu ya kuwapa joto. Mama aliwasikia siku ile ile. Alishuka na shali yake, akachungulia.

"Wa nini hawa?"

"Wa kumfundishia mbwa wa fomani."

"Afundishwe nini?"

"Kusimama. Akimnusa ndege asimame kimya, ndege aruke, yeye asimkimbize. Hamgusi hata unyoya."

"Na akishahitimu?"

Ningeweza kumjibu vingine. Lakini alikuwa akinitazama usoni.

"Akishahitimu, Mama, bwana wake atakwenda naye kuwinda."

Alijifunga shali, akapanda juu. Kwa siku tisa hatukusikia kutoka kwake ila salamu. Mke wangu aliniambia niwarudishe, tuna nyumba moja na mama wa watu, ndege wa nini? Nilisema nitawarudisha Jumapili.

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo ilinyesha mvua ya baridi kutwa, ingawa ulikuwa mwezi wa sita. Mimi nilikuwa kwenye ovataimu, mke wangu zamu ya mchana kwenye kiwanda cha biskuti. Nilipofika nilikwenda moja kwa moja kibandani. Balbu ilikuwa imeungua. Kwenye kona ya sanduku walilala vifaranga kumi na mmoja, wamerundikana, wamekufa. Wengine hawakuwapo.

Nilisikia sauti zao nilipoingia ndani. Nilipanda ngazi, nikabisha. Mama alikuwa amekaa sakafuni karibu na hita ya gesi, na mbele yake sanduku la bati alilosafiri nalo kutoka Mombasa, limetandikwa blanketi. Vifaranga kumi na wanne walikuwa humo. Alikuwa akiwanywesha maji ya sukari kwa ncha ya kidole.

"Walinyamaza," alisema. "Asubuhi nzima wapiga kelele, kisha wakanyamaza. Nikashuka kutazama." Hakuniinulia macho. "Hao wengine sikuwawahi, Fundi."

Nilikaa naye chini. Nilikuwa nimeua kwale wengi maishani na sikuwahi kupoteza usingizi, lakini wale kumi na mmoja waliniuma, kwa sababu walikufa kwa uzembe wangu. Nilimwambia hivyo. Alinisogezea kikombe cha maji ya sukari, nami nikaanza upande wangu wa sanduku.

Sikuwarudisha Jumapili. Walikaa chumbani kwake wiki tatu, kisha nikawajengea banda la waya uani, na yeye ndiye aliyewapa chakula asubuhi na jioni. Waliota miguu myekundu na mkufu mweusi shingoni. Walimjua kwa hatua zake.

Ulipofika wakati wa kuwapeleka shambani, alisema atakuja aone kwa macho yake. Basi tukapanda gari la fomani, Mama mbele na sari yake chini ya koti zito, mimi nyuma na mbwa na makreti ya ndege. Shamba lilikuwa la rafiki wa fomani, nje ya mji, ngano imeshavunwa. Tuliwaacha kwale wawili kwenye tundu kando ya ua wa miti ili baadaye waite wenzao warudi, na wale kumi na wawili tukawaficha mmoja mmoja kwenye majani.

Mbwa alimnusa wa kwanza. Akaganda, mguu mmoja juu, mkia umenyooka. Fomani aliwasogelea polepole, kwale akaruka kwa kishindo cha mabawa, akapita juu ya vichwa vyetu. Mbwa alitetemeka mwili mzima, lakini hakuondoka. Nilimsikia Mama akisema kwa sauti ya chini, "Kaa hapo hapo, mwanangu," na sikujua kama anasema na mbwa au na nani.

Baadaye tulingoja. Wale wawili tunduni walianza kuita, na mmoja mmoja wenzao wakarudi, wengine kwa mabawa, wengine wakitembea kati ya mabua kama watu watokao sokoni. Walirudi tisa. Fomani alitazama saa. Mama akasema bado watatu, akaketi juu ya kreti. Hakuna aliyebishana naye. Wa kumi alitokea jua likiwa limeshuka sana. Wawili hawakuonekana.

Walifanya kazi hivyo mpaka majira ya mapukutiko. Mbwa alipokuwa tayari, fomani alinialika kwenye uwindaji, akaniazima bunduki, nami nikaenda. Sitasema sikufurahi. Nilitembea siku nzima kwenye matope, nilipiga ndege watatu, na nilijisikia kuwa tena mtu niliyemfahamu. Jioni Mama alikuwa jikoni akikanda unga wa chapati.

"Wale wetu wawili walikuwamo?" aliuliza.

"Sijui, Mama. Wakiwa angani wote wafanana."

Aliendelea kukanda. "Ahsante kwa kutonidanganya," alisema. Wale watatu sikuwaingiza nyumbani. Nilikuwa nimempa fomani.

Masika yaliyofuata fomani alikuja mwenyewe kwenye ngazi zetu, kofia mkononi, kuomba tumlelee kundi jingine. Nilitafsiri. Mama alitaka ahadi moja: anayerudi tunduni asipigwe, akae na kula mpaka afe kwa uzee. Fomani alifikiri, akasema kwa hao anaahidi, ila atakayejiendea hawezi kumjibia.

"Mwambie hayo ni maneno ya mtu mzima," Mama alisema, akamkaribisha chai.

Tulilea makundi mawili zaidi. Kisha mwana wa Mama akafungua duka Kenton, mtaa mwingine wa London, akaja kumchukua. Wale kwale wazee saba waliobaki walikwenda naye, na ilinichukua siku nzima kuwajengea banda nyuma ya duka, huku yeye akinisahihisha vipimo na Kiswahili.