Hewa ya Kuchora Uso wa Baba

Sukari ilifika kwenye macho ya mama kabla sisi watoto wake hatujajua kwamba sukari hufika huko. Daktari wa Kericho alituambia bila kuzungukazunguka kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitaendelea kupungua. Mama alimsikiliza, akamshukuru, akakaza kitambaa chake kichwani. Tulipofika nyumbani Sosiot hakutaja dawa hata kidogo. Alisema anataka kumwona baba mara moja kabla giza halijamkuta.

Baba alikufa nikiwa shule ya msingi. Picha yake tuliyobaki nayo ilikuwa moja tu, ile ya kitambulisho, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Mama alikuwa anaileta mpaka puani, anaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, halafu anairudisha kwenye Biblia.

"Naona karatasi," aliniambia.

Mimi nilikuwa nafundisha sanaa katika shule moja ya upili mjini Kericho, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kazi ya kumchora baba kwa ukubwa ni ya nani. Nilianza na penseli kwenye karatasi kubwa iliyofunika nusu ya meza. Mama akasema anaona nyasi. Nikajaribu makaa, akaona doa. Nilikasirika, si kwa sababu yake, ila nilikasirika. Mistari haikuwa na maana tena machoni pake. Alichoweza kuona ni vitu vikubwa, weusi na weupe unaoingiana polepole, kama vilima vya majani chai asubuhi ukungu ukianza kupanda.

Ndipo nikakumbuka brashi yangu ya hewa. Ni chombo cha mkononi, kinene kidogo kuliko kalamu, kinachopuliza rangi nyepesi kama pumzi juu ya kioo. Nilikuwa nachora nacho maua siku za Jumamosi, kujiburudisha tu. Kompresa yake, mashine ya kuisukumia hewa, nilitengenezewa na fundi wa friji wa mjini, mtu ambaye wazazi wake walitoka Nyeri kuja kufanya biashara, naye akazaliwa Kericho na kuzoea mvua yetu. Alitoa mota kwenye friji iliyokufa, akaiunganisha na mtungi mdogo wa chuma, akaweka geji ya kuonyesha presha na valvu ya kuipunguza. Ilikuwa na sura mbaya, lakini ilinguruma kwa adabu.

Shule zilipofungwa Agosti niliibeba mpaka Sosiot. Nilitaka kuiweka stoo, pamoja na mahindi. Mama akakataa katakata. Kwake, anayekufanyia kazi haachwi nje kwenye baridi, anakaribishwa penye moto.

"Hata hiyo mashine ni mgeni," alisema. "Ilete jikoni."

Nyumba yetu iko karibu na soko, kwa hiyo stima ilikuwepo mpaka jikoni. Nikaiweka mashine hatua chache kutoka mafigani, nikasimamisha ubao wangu wa kuchorea karibu na dirisha.

Asubuhi ya kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Nilipuliza paji la uso na kivuli cha macho. Alasiri sindano ya geji ikaanza kushuka huku mota ikihangaika, brashi ikakohoa, na tone la maji likaruka likatua palepale shavu lilipotakiwa kuwa. Nikapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya mashine, kutafuta hewa inapovujia. Kiungo kimoja kikatoa mapovu. Nikakifungua, nikakizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba, nikakikaza. Asubuhi iliyofuata, sawa kabisa. Alasiri, mambo ni yaleyale. Nikasafisha sindano ya brashi, nikabadilisha mpira wa hewa, nikasema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema jikoni kwa mama yake.

Kila jioni mama aliniuliza, "Amefika wapi?" Kama vile baba yuko njiani, anakuja.

"Amefika kwenye nyusi," nilimjibu, na kesho yake nikamjibu hivyohivyo.

Wiki hiyo nilimwona akimimina chai pembeni ya kikombe, mezani, bila kujua. Nilipanguza kimyakimya. Hofu iliyonishika sikuwahi kuijua kabla. Nilikuwa na uso wa baba mpaka kwenye nyusi, na mama alikuwa anaondoka kidogokidogo huku nikigombana na mapovu ya sabuni. Nikamtumia fundi salamu.

Alikuja na mkoba wake, akaiwasha mashine, akasikiliza. Sindano ikapanda vizuri.

"Mwalimu, hii iko sawa kabisa," alisema. "Umeniitia chai tu."

Mama alifurahi kusikia neno chai. Sufuria ilikuwa tayari motoni, maana wanawake waliokuwa wametoka kupeleka majani chai kituoni walikuwa wanakaribia kupita, na hakuna aliyepita kwetu bila kikombe. Maziwa yakaanza kupanda. Jikoni kukajaa mvuke mpaka dirisha likatoka jasho. Ndipo mashine ikabadilisha sauti. Fundi akaweka kiganja mahali inapovutia hewa. Akachomoa kile kipande cha sponji alichoweka mwenyewe kuzuia vumbi, akakikamua. Maji yalichuruzika. Akafungua koki iliyo chini ya mtungi, yakatoka maji ya kutu, karibu kikombe kizima.

"Mama," alisema, "hii mashine imekuwa ikinywa chai na nyinyi."

Tulicheka wote, mama kuliko sisi. Asubuhi nilikuwa nafanya kazi kabla ya wageni. Alasiri chai ilikuwa haishuki motoni. Sponji ikilowa, hewa haiingii, presha haijai. Mvuke unaofaulu kupita unageuka maji ndani ya chuma baridi, halafu unanitemea shavuni kwa baba.

Fundi alinivuta nje, akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie mama apunguze chai siku mbili tatu tu. Umalize."

Nilimjibu kwa ukali ambao hakuustahili. Nilimwambia kwamba chai ndiyo kazi ya mwisho ambayo mama alikuwa bado anaifanya bila kushikwa mkono. Maziwa yakitaka kupanda alijua kwa sauti. Wageni aliwajua kwa hatua zao. Mimi nikamwambie mama kwamba chai yake inaharibu uso wa mumewe? Afadhali baba abaki bila mashavu.

Alinitazama kidogo. "Sawa. Basi tuhamishe mashine, wewe ubaki."

Tukaipeleka stoo, kwenye mahindi. Akaunga mpira mrefu, akaupitisha dirishani mpaka kwenye ubao wangu. Mpira mrefu unakula presha, brashi ikawa dhaifu. Akaniambia nibonyeze, nipulize bila kuachia, na wakati napuliza ndipo akaipandisha presha kwa valvu, kwa sababu presha ya hewa iliyosimama, alisema, inakudanganya. Karibu na mkono wangu akafunga kikombe kidogo cha kioo, kilichotolewa kwenye lori, cha kukamata maji yaliyobaki. Halafu akaingia ndani, akanywa vikombe viwili.

Baada ya hapo hewa haikunisumbua tena. Mama alichochea sufuria yake, mimi nikashuka kwenye pua, midomo, kidevu. Nilipomaliza nilimwita, nikamsimamisha penye mwanga, ubao mbele yake. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena, akitafuta pembe ambayo macho yake yangekubali. Kisha akatulia.

"Ni yeye," alisema.

Nilidhani kazi imekwisha. Lakini hakuondoka, na uso wake haukuwa na furaha niliyoitarajia.

"Ni kijana sana," alisema. "Leo tukikutana barabarani ataniamkia kama mama yake, apite." Akaugusa ukingo wa ubao. "Unaweza kumzeesha?"

Nikachanganya rangi upya. Mama aliketi kando yangu, akawa ananielekeza. Nywele zingeanza kumtoka hapa juu, kama baba yake. Mvi pembeni, kidogo, kwa sababu hakuwa mtu wa wasiwasi. Mashavu yaingie ndani. Chini ya macho paingie kivuli, maana hakuwa analala vizuri ng'ombe akikaribia kuzaa. Nilipuliza nyeupe, nikapuliza kijivu, siku nyingi, mpaka likizo ikakaribia kwisha na mzee nisiyemjua akaanza kututazama. Siku za kwanza mama alikuwa anainama kukagua. Baadaye aliacha kuinama.

Alasiri moja nilimuuliza kama mashavu yametosha. Alikuwa ameelekeza uso mlangoni, upande ambao ubao haukuwepo.

"Yametosha," alisema. "Sasa tumelingana."

Nilikuwa nalia waziwazi mbele yake, na hakuniuliza kwa nini.