Februari ya Zamani

Kila Jumanne bibi mmoja huja kwenye chumba chetu cha kumbukumbu, hapa Massachusetts, na kifutio alichokifunga kwa uzi kwenye penseli. Ukoo wake huuandika kwa penseli tu: kutoka kwa askari wa farasi wa mfalme wa kale wa Uingereza hadi Josiah Thurlow, mlowezi aliyevuka bahari. Kila jina huligusa polepole, kama anayemwamsha mtoto. "Nikihakikisha, nitakwenda Suffolk nikaguse kaburi la yule askari," huniambia.

Jana nilimletea kitabu cha mazishi cha kijiji cha Suffolk alikobatizwa Josiah. Josiah wake alibatizwa huko Juni 1610. Hapo palikuwa na Josiah Thurlow aliyezikwa Februari 1610.

"Huyo ni mwingine," alisema. "Nani huzikwa kabla ya kuzaliwa?"

"Bibi, enzi zile mwaka ulianza Machi. Februari 1610 ilikuja baada ya Juni 1610."

Alicheka kidogo. "Wewe! Umeniulia ukoo mzima kabla sijanywa kahawa."

Josiah wake alizikwa angali mtoto mchanga; mlowezi aliyevuka bahari alikuwa mtu mwingine. Akaanza kufuta, kuanzia kwa askari, akipuliza vumbi la kila jina. Alipofika kwa mtoto, mkono ukasimama.

"Huyu namwacha," alisema. "Miaka tisa namwita babu, kumbe hata kutembea alikuwa hajajua."